Alipigia kura maji, sasa anamtengenezea jaji kiti

Saa moja na nusu asubuhi. Ukumbi mkubwa wa mahakama ya juu kabisa nchini hauna mtu, na taa zimewashwa upande mmoja tu. Mwanamume mfupi mwenye penseli sikioni amepiga magoti nyuma ya meza ndefu ya majaji. Anafunga uzi mweupe kwenye msumari wa kushoto, anatembea hatua kumi na mbili, anaufunga kwenye msumari wa kulia, kisha anaugonga kwa kidole. Uzi unatetemeka, unatulia.

"Hapo ndipo mabega ya majaji wote saba yanapotakiwa kufika," anasema. "Asizidi mtu, asipungue mtu."

Huyu ni seremala wa mahakama. Wenzake wanamwita Sentimita, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Ana miaka hamsini na mbili, na kumi na tisa ameimalizia kwenye karakana iliyo nyuma ya jengo hili, katikati ya jenereta na chumba cha mafaili ya zamani. Anatengeneza milango, makabati na vizimba vya mashahidi. Ila kazi iliyompa jina ni viti vya majaji.

Ukiwaangalia majaji wakiwa wamekaa, utadhani wote wana kimo kimoja. Wapi! Mmoja ni mrefu mpaka anainama mlangoni, mwingine akisimama nyuma ya meza unamwona miwani tu. Siri iko kwenye miguu ya viti. Jaji mpya akija, Sentimita humkalisha juu ya boksi, humwongezea vibao vyembamba kimoja kimoja mpaka bega liguse uzi. Kisha anahesabu vibao, anarudi karakana kukata miguu ya kiti.

"Yule mrefu aliniuliza, 'Fundi, mbona kiti changu kama cha chekechea?' Nikamwambia, mheshimiwa, urefu umekuja nao mwenyewe kutoka nyumbani."

Kazi hii inamfanya auone uchaguzi kwa jicho ambalo wengi hawana. Rais ndiye anayependekeza jina la jaji, wabunge wanalipitisha au wanalikataa. Rais akibadilika na wabunge wakabadilika, majina nayo yanabadilika, na Sentimita anaitwa na uzi wake. Kwa miaka mingi hilo halikumnyima usingizi. Vilikuwa viti tu.

Safari hii kiti kimemgusa pabaya.

Nyumba yake ni moja kati ya nyumba mia mbili na kumi na mbili zilizojengwa kwenye eneo ambalo halmashauri inataka kuweka stendi ya mabasi na maduka. Wakazi wana barua za kugawiwa viwanja. Halmashauri inasema barua hizo ni batili. Kesi ina miaka kumi na moja, na imepanda mahakama moja hadi nyingine mpaka ikafika hapa, hatua chache kutoka meza yake ya randa.

Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu. Aliijenga kwa miaka sita, kila mwaka ukuta mmoja au kipande cha paa, kwa mshahara ambao kwa kawaida unaisha katikati ya mwezi. Ukuta wa nyuma bado haujapigwa lipu.

Kesi ilipofika hapa miaka miwili iliyopita, jaji mmoja alikuwa amestaafu. Sita waliobaki wakagawanyika, watatu upande wa wakazi, watatu upande wa halmashauri. Ikaamuliwa isikilizwe upya siku kiti cha saba kitakapopata mtu.

Rais wa wakati huo alipendekeza mama mmoja aliyetumia maisha yake kutetea wapangaji mahakamani. Mtaani watu walipiga vigelegele. Sentimita naye akafanya haraka ambayo mpaka leo inamchoma.

"Nilimpima, nikakata miguu siku ileile. Mbao ukishaikata huwezi kuirudisha. Sikungoja wabunge."

Wabunge wakasema jina hilo lisubiri uchaguzi. Uchaguzi ukaja, na Sentimita akapanga foleni kama watu wengine.

"Mtaani kwetu maji yalikuwa yanatoka mara moja kwa wiki. Mgombea urais wa upinzani akasema atachimba visima viwili. Nikampa kura yangu. Nani aliniambia kwamba napigia kura na majaji?"

Mgombea huyo alishinda, na chama chake kikachukua viti vingi bungeni. Wiki ya tatu jina la yule mama likaondolewa. Kiti kilichokatwa kwa kipimo chake kimebaki karakana, na walinzi wa zamu ndio wanaokikalia wakinywa chai.

Kisima kimoja kimeshachimbwa. Hilo hata mkewe, aliyepigia kura upande wa pili, halipingi.

"Maji tumepata," anasema mkewe huku akianika nguo kwenye kamba. "Sasa nimuulize baba watoto, tutayachota tukiwa tunaishi wapi?"

Jaji aliyependekezwa na rais mpya alipitishwa na wabunge mwezi uliopita. Ni mwanamke pia. Kwa miaka kumi na tano alikuwa wakili wa halmashauri mbalimbali, ingawa hii inayowashitaki wakazi haimo, na nyingi ya kesi zake zilikuwa za ardhi. Habari hiyo ilipofika mtaani, watu wakawa roho juu.

Kabla ya kumpima, Sentimita alikwenda ofisini kwa msajili wa mahakama akamweleza kwamba yeye ni mmoja wa wakazi wenye kesi. Msajili alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kapime," akamwambia. "Nitakuwepo. Ukitamka neno moja la kesi, kazi huna, na wenzako utakuwa umewaponza."

Upimaji ulichukua dakika ishirini. Jaji alikaa kwenye boksi, mgongo wima, viatu vikining'inia hewani. Kibao cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita.

"Fundi, hapa naogopa kuanguka."

"Huanguki, mheshimiwa. Usiegemee tu."

Akatulia. Pengine kwa kutafuta la kusema, akauliza, "Unaishi wapi wewe?"

Jina la mtaa wa Sentimita limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya faili la kesi. Msajili, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, akakohoa. Sentimita akauangalia uzi, akajibu.

"Mbali kidogo, mheshimiwa. Napanda magari mawili."

"Pole na safari," jaji akasema. Basi, ikaishia hapo.

Jioni ile sebule yake ilijaa. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alikuja bila kubisha hodi.

"Dakika ishirini na jaji, halafu umetoka kapa! Si ungemwambia tu una watoto watano?"

"Anao wa kwake."

"Sasa ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asiegemee."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka. "Basi mguu mmoja uulegeze kidogo," akasema. Hakuna aliyejua kama anatania.

Wakili wa wakazi anawaambia wateja wake wasianze kulia mapema. Mmoja wa majaji watatu waliokuwa upande wao aliteuliwa na serikali iliyokuwa ikiwabomolea watu, na hakuna aliyemtegemea. "Akishakula kiapo, aliyemteua hana kamba ya kumvutia," anasema. Lakini anakiri kwamba angekuwa na yule mama wa wapangaji, angelala vizuri zaidi.

Kiti kimekamilika tangu Jumanne. Sentimita amekipiga msasa mara tatu, sawa na vingine sita, na amekiongezea kibao cha kukanyagia ili miguu ya mheshimiwa isining'inie. Anasema hakukiwekea chuki wala hongo. "Mtu akikaa vibaya siku nzima anakuwa na hasira. Sitaki atusikilize akiwa na hasira."

Kesi itasikilizwa Alhamisi ijayo. Ameomba ruhusa, na kwenye fomu, mahali pa sababu, ameandika kwamba ana kesi. Msajili amesaini bila kumwangalia usoni. Siku hiyo atakaa viti vya nyuma pamoja na majirani.

Akishinda, mpango wake ni lipu ya ukuta wa nyuma. Akishindwa, atashusha bati mwenyewe kabla tingatinga halijafika, maana mbao za paa bado ni nzima.

"Mke wangu ameshanunua mifuko miwili ya saruji," anasema. "Nikamwambia, mama, si ungengoja hukumu? Ananijibu, saruji ikikaa inaganda, waambie hao majaji wako wafanye haraka. Nimeifunika nailoni, nimeiweka juu ya meza isishike unyevu. Hukumu za namna hii huchukua kama miezi miwili. Saruji inavumilia mitatu."