Mwanangu na Ndama Waliugua Siku Moja

Mwanangu alianza kutapika asubuhi. Jioni yake ndama akaanza kutembea kama mlevi.

Sikuyaunganisha hayo mawili. Ungekuwa wewe ungeunganisha?

Ilikuwa mwaka ule wa korona, mwezi wa nne, New Zealand nzima imefungiwa ndani. Sisi tupo bondeni kwetu, kondoo na ng'ombe wachache. Mimi, mume wangu Rawiri, mama yake Bibi Parehuia, na binti yetu Anahera, miaka minne.

Watu wa mjini walituonea wivu. "Nyie mna nafasi bwana!"

Nafasi ilikuwepo. Ila siku zilifanana mpaka nikawa sijui leo Jumanne au Jumapili. Unaamka, unakamua, unasikiliza redio ikitaja wagonjwa wapya, unalala.

Hata majira yakabadilika sina habari. Siku moja natoka na ndoo, nakuta miti ya kando ya mto imegeuka njano. Yote! Majani mengine yameshapukutika, yamejaa njiani.

Nikasimama. Nikasema, kumbe.

Nikaendelea na ndoo yangu.

Feijoa nazo zikaanza kuanguka. Ni tunda la kijani, saizi ya yai. Huwa hatulichumi, likiiva linajiangusha lenyewe, unaokota. Miaka mingine tunajaza ndoo tunaweka barabarani, majirani wanapita wanajibebea. Mwaka ule apite nani? Zikabaki chini. Anahera akawa anashinda pale mtini, anaokota, anang'ata, ananyonya.

Halafu baridi ikaingia. Kuni zetu huwa analeta binamu yake Rawiri anayekaa ng'ambo ya kilima. Kutoka ndiyo marufuku, binamu haji.

"Si kuna zile nguzo za uzio wa zamani nyuma ya banda," Rawiri akasema. "Kavu kama biskuti."

"Zile si zina dawa?"

"Mama Anahera, zimenyeshewa tangu sijakuoa. Dawa gani itabaki? Mbaya ni zile mpya, za kijani."

Bibi akadakia kwenye kiti chake. "Mwache mwanangu awashe moto. Au unataka niikwepe korona nife na baridi?"

Tukacheka. Moto ukawaka vizuri kweli.

Sasa Bibi ana kawaida yake. Baridi ikianza, majivu anamwaga kwenye shina la feijoa. Mti aliupanda marehemu mumewe. Anasema mti unayapenda. Amefanya hivyo miaka yote, kwa majivu ya kuni za kawaida, hakuna kilichotokea.

Akamwaga.

Anahera alipotapika, nyumba nzima ilifikiri kitu kimoja. Hakuna aliyekitaja.

Nikampeleka kupimwa. Hatukushuka hata kwenye gari. Nesi kajifunika mwili mzima kama mrina asali, akamwingizia kijiti puani.

"Rudini nyumbani mkae ndani. Bibi asimsogelee. Majibu tutawapigia."

Bibi tukamhamishia chumba cha nyuma. Mimi nikakaa na mtoto. Anatapika, anaharisha maji matupu, anasema mdomo unamwasha.

Sikulia. Nilikuwa kama natazama mtoto wa mtu mwingine. Nafuta, nabadilisha shuka, nampa maji kwa kijiko.

Hakukohoa hata mara moja. Nililiona hilo. Nikaliacha lipite.

Kesho yake ndama akafa.

"Na yeye korona?" Bibi akauliza kupitia dirishani.

Rawiri akampigia daktari wa mifugo, dada mmoja anaitwa Bronwyn. Akafika, akatuamuru tukae mbali. Akavaa glovu, akamwendea ndama peke yake, akamfunua mdomo.

"Rawiri, mdomo wote majivu huu. Mmechoma nini?"

"Kuni tu."

"Kuni gani, kaka?"

Rawiri akajikuna shingo. "Nguzo za uzio. Lakini za zamani, zimeshakuwa za kijivu kabisa."

Bronwyn akavua glovu polepole.

"Dawa ya nguzo ina sumu ya aseniki ndani. Mvua haiimalizi. Ukichoma, mti ndio unaisha, sumu inabaki kwenye majivu. Halafu yana chumvichumvi. Ng'ombe anayalamba kama pipi."

Akageuka kuutazama mti. Feijoa zimelala chini, zimejaa vumbi la kijivu. Nyingine zimeng'atwa. Meno madogo.

"Mtoto wenu yuko wapi?"

Mimi nilishaanza kukimbia.

Safari ya hospitali siikumbuki. Nakumbuka tu wanaruhusu mzazi mmoja, Rawiri akabaki nje kwenye gari. Wakamtundikia dripu Anahera, wakampa dawa ya kuitoa sumu mwilini. Daktari akaniambia tungoje, hawezi kuniahidi kitu.

Nikangoja. Ndani yangu kimya. Hata kuomba sikuomba.

Simu ikaita.

"Mama Anahera? Tunapiga kuhusu kile kipimo. Nina habari njema! Binti yako hana korona!"

Nikamtazama mwanangu, mirija mikono yote miwili, midomo imepauka.

"Haya," nikasema. "Asante dada."

"Jamani hongera mama! Sasa mnaweza kupumua."

Nikakata simu.

Anahera aliishi. Figo zake bado wanazifuatilia. Rawiri aliuchimba ule udongo wote, mti nao ukafa. Bibi sikumwambia neno. Niseme nini? Ananipenda, anampenda mjukuu wake.

Naandika kwa ajili ya kina mama wenzangu. Shule yangu ni ya msingi tu, lakini hili nalijua sasa. Nguzo, mbao za ujenzi, chochote kilichowahi kupakwa au kulowekwa dawa, usichome. Hata kiwe cha zamani vipi. Hata mume akikuhakikishia. Ukiuliza mara moja ukajibiwa kwa mzaha, uliza tena.

Mwaka ule tulinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, na sumu ilikuwa inatupasha joto sebuleni.

Mtoto akiumwa, usianze na ugonjwa wa redioni. Anza na mahali alipokuwa anacheza.