Sakafu Iliyokunywa Maji

Juzi, huko Makindu, nilimwona fundi akimwagilia sakafu ya kanisa jipya, na harufu ya saruji mbichi ikanirudisha Tseikuru, utotoni. Mimi na mama tulikuwa tumefika kwa nyanya baada ya kutwa nzima juu ya lori. Kiangazi kilikuwa kikali, lakini kila mwanamke alipeleka mtungi wa maji kanisani, na mzee wa kanisa akayamwaga kwenye sakafu mpya. Sikujua kwamba saruji hunyweshwa ili isipasuke. Nilishuku kuna mtu chini anayeyanywa, na mzee anamjua.

Alasiri moja nyanya alifika mikono mitupu.

“Maji ya Bwana yako wapi, mama?” mzee akauliza, akimkagua kama mwizi.

“Jirani amejifungua. Tumemwosha mtoto, na mama yake bado ana kiu.”

“Na sakafu? Askofu anakuja Jumapili!”

“Askofu ana viatu, mzee. Ataruka nyufa.”

Wanawake walicheka, kisha wakabeba mitungi yao mgongoni, wakamfuata nyanya kwa jirani. Mimi nilibaki nyuma, nikaweka sikio sakafuni, nisikie kama yule wa chini angekasirika.

Hakusema neno.