Makofi ya Salamu Njia ya Kibondo

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka hucheka peke yangu hapa kwenye cherehani hadi wateja wananitazama. Kaa kwenye benchi nikusimulie, maana hilo dili ulilonieleza juzi, la kupeleka pikipiki zisizo na kadi hadi mpakani, limeninyima usingizi. Unasema kazi yenyewe ni kuendesha tu, na helmeti itakuficha uso. Hapo kwenye kuficha uso ndipo uliponishtua.

Nilikuwa kijana wa rika lako. Nililima maharage Nyakitonto msimu baada ya msimu, nikauza, nikajinyima, mwishowe nikapata cherehani kuukuu kwa fundi mmoja wa Kibondo aliyekuwa anaacha kazi. Ilikuwa chuma kitupu, nzito kama mbuzi aliyegoma kutembea. Chumba cha kupanga Kasulu mjini, mke, jina la ufundi, yote niliyoyatamani nilikuwa nimeyafunga ndani ya gunia moja pamoja nayo.

Siku ya kuitoa Kibondo kuileta Kasulu nilikuwa na bibi yangu Tereza, mama yake baba, na Mungu anisamehe, aliniudhi sana. Unazijua salamu zetu Waha: mtu anainama, anapiga makofi polepole, anauliza nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, halafu ni kama anaanza upya. Bibi hakumruka mtu. Alimsalimia muuza karanga, akamsalimia utingo, akamsalimia mlevi aliyejilalia zake pembeni mwa stendi. Lori la kwanza likatuacha yeye akiwa bado anauliza habari za ndama wa watu. Nikamfokea kwamba dunia ya sasa haina nafasi ya mambo hayo. Yeye alikuwa ameshaanza kumsalimia mwingine.

Tukapanda lori la pili. Miaka hiyo kulikuwa na watekaji katika njia ile, hasa pale msitu unapobana barabara. Walifunga vitambaa usoni wakaongea Kiswahili cha Kongo, na kila gari likitekwa vidole vilielekezwa Mtabila, kambini kwa wakimbizi. Nami nilivielekeza, sikufichi.

Basi jua likiwa limepanda kidogo tu, tukakuta gogo barabarani. Wakatoka vijana watatu, mmoja na gobore, wawili na mapanga. "Batu bote chini!" akapiga kelele yule wa gobore. Tukashuka, tukalala kifudifudi kwenye vumbi. Nikamwona mmoja wa wale wa mapanga, mrefu, mwembamba, analivuta gunia langu, anajitwisha begani. Nililia, mwanangu, na sioni haya kukwambia. Ulikuwa ujana wangu wote unaondoka pale begani kwa mtu.

Kile chuma kikamwelemea. Akaguna chini chini, "Yoo, mawe." Akamwita mama yake kwa Kiha, kama wewe au mimi ambavyo tungemwita tukielemewa na mzigo.

Bibi akasikia. Alikuwa ndiye wa mwisho kushuka, na hakuwa amelala chini kwa sababu magoti yake hayakumruhusu. Akatembea mpaka mbele ya yule kijana, akainama, akapiga makofi. "Mwakeye, mwanangu," akamwambia, sauti ileile ya asubuhi ya kila siku.

Kijana akatua gunia. Sidhani kama aliamua kufanya hivyo, naona mikono ilijiendea yenyewe. Akabana panga kwapani, akakunja magoti, akapiga makofi akiitikia, taratibu kabisa, vile tulivyofundishwa sote tukiwa wadogo. "Mwakeye," akasema.

Bibi hakumwachia. Akauliza habari za nyumbani, kijana akajibu ni njema. Akauliza maharage, akajibu yamechanua. Wenzake wakaanza kumfokea aache upuuzi, na katika hasira yao Kongo yote ikawatoka vinywani, wakamfokea kwa Kiha safi cha kwetu Heru Juu. Mtu mmoja kule chini vumbini akacheka. Akacheka na wa pili. Hofu yetu ikaishia pale, maana utamwogopaje jitu la msituni ukishajua ni mtoto wa jirani?

"Na mama yako," Bibi akauliza, "ameamkaje leo?"

Kitambaa usoni mwa kijana kikalowa machozi. Sisi wanaume tukainuka mmoja mmoja, dereva akiwa na spana mkononi, na yule wa gobore alipoona lori zima limesimama mbele yake, akatimua mbio msituni na mwenzake nyuma. Tulishangilia mpaka sauti zikatukauka. Yule mrefu hakukimbia. Bibi alimshika mkono kama mtoto anayepelekwa zahanati, wakapanda lori pamoja, na tulipofika Kasulu akaingia kituo cha polisi kwa miguu yake mwenyewe. Nami tangu siku hiyo sijawanyoshea kidole tena watu wa Mtabila.

Njiani nilimuuliza Bibi kama hakuogopa panga. Akasema aliliogopa sana, ila kijana alimwita mama, na pale palikuwa na mama mmoja tu mzee.

Kijana akafungwa. Bibi akawa anampelekea ugali wa muhogo na maharage, mimi nikinuna. Alipotoka alikuja moja kwa moja kibandani kwangu, akasimama mlangoni, hana pa kwenda. Bibi alikuwa amekaa hapohapo ulipokaa wewe. Akanitazama tu. Nikaacha kushona, nikainama, nikapiga makofi. Nikamfundisha kushona kwa cherehani ileile aliyotaka kuniibia.

Sasa geuka utazame ng'ambo ya barabara. Yule mzee mrefu mwenye vyerehani vinne, anayeshona sare za shule, ndiye kijana yule, Nestori. Ananinyang'anya wateja mchana kweupe na hakuna polisi wa kumshika! Mama yake aliishi kuyaona hayo. Alikuwa anakuja pale kila siku ya soko, na Nestori anaacha kila kitu, anatoka nje kumpigia makofi mbele za watu, uso wazi.

Ushauri wangu ni huu, mwanangu. Kabla hujashika kazi yoyote, jiulize kama mama yako akikukuta katikati yake utaweza kusimama umsalimie. Ukiona itabidi uteremshe kioo cha helmeti upite kama humjui, achana nayo, hata wakikuahidi nini. Mwenzio Nestori alikuwa na panga mkononi na bado aliweza kurudi. Wewe hujaondoka hata, kwa hiyo kwako ni rahisi zaidi.

Mungu akupe riziki inayokaa juani, akulindie mikono yako, na uso wako ujulikane kuanzia Kasulu hadi Kibondo kwa mema. Haya, vuka barabara ukamsalimie Nestori. Inama vizuri, na usiwe na haraka.