Ziwa la Mzee Tusajigwe

Mzee Tusajigwe alistaafu ukarani wa makontena kule Kurasini akiwa na akili zake zote, kasoro jambo moja: alitaka kuamka aone ziwa. Mtu wa Kyela huyo, kazaliwa Nyasa ikimpigia hodi mlangoni. Miaka yote ya Dar aliishi na mkewe, Apolonia, chumba na sebule Sinza, dirisha likitazama mgongo wa baa.

Kiinua mgongo kilipotoka, dalali mmoja aitwaye Anwar akakinusa. Akampeleka mzee nyuma ya kilima cha Wazo, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto yaliyojaa maji. Ilikuwa Januari, jua linachoma, maji yametulia kama chai iliyosahaulika.

"Mzee wangu, ziwa hili halipandi, halishuki," Anwar alisema, mkono kifuani. "Kiangazi, masika, liko hapo hapo."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Mie niko kule chini, kwenye barabara ya zamani ya malori. Maji siyapendi, yana unyevu."

Mzee akanunua. Kila mkazi wa Dar anajua kiwanja hukaguliwa masika, ukiwa na mabuti. Januari hata bwawa la mamba ni uwanja wa mpira. Apolonia alipoambiwa hakupiga kelele. Aliendelea kukunja khanga.

"Jenga, Baba Jovina. Masika yakipita nyumba ikiwa bado inaonekana, nitakuja. Ikizama, utanikuta hapa hapa Sinza."

Akajenga vyumba viwili, akahamia peke yake, akawa anajipikia wali ulioungua chini na mbichi juu. Majirani walipita makusudi.

"Shikamoo mzee. Boti umeshanunua?"

"Marahaba. Naangalia rangi."

Wakishapita, alitazama mawingu kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Aprili mvua ikashuka kwelikweli. Asubuhi moja maji yakaanza kupanda kuelekea barazani. Mzee akakunja suruali, akaweka godoro juu ya meza na redio juu ya godoro. Sala za Kimoraviani akazimaliza zote, akaanza kuazima za Waislamu. Kisha maji yakasimama. Mvua inanyesha, yenyewe yamegoma.

Akatoka na mwavuli kuchunguza. Upande wa chini wa shimo, pale malori yalipokuwa yakitokea, ukingo ulikuwa umekatwa. Maji yote ya ziada yalipita hapo, kwa adabu, kuelekea barabarani.

Maskini Anwar alikuwa amesema kweli bila kukusudia, ajali inayompata dalali mara moja maishani.

Mchana akatokea, mito ya makochi kichwani, maji yakimchuruzika.

"Mzee wangu, ziwa lako liko sebuleni kwangu."

"Langu halipandi, mwanangu, halishuki. Weka mito barazani, unywe chai."

Masika yalipokwisha, Apolonia akaja na kigari cha mizigo, kirikuu, vyombo nyuma. Hakusalimia mtu. Aliinama, akapapasa ukuta kwa kiganja, chini kabisa, kutafuta unyevu. Mkavu. Akazunguka nyumba nzima akipapasa, mumewe nyuma yake. Mwisho akakaa kwenye tofali, akavua viatu, akashusha pumzi ndefu.

"Vyura hawa hawalali?"

"Utawazoea, Mama Jovina."

"Wao ndio watanizoea mie," akasema, akamwita dereva ashushe kitanda.