Mjukuu Wangu Kwenye Mizani ya Viazi

Mimi ndiye niliyempandisha mjukuu wangu kwenye mizani ya viazi, tena mbele ya watu. Wanangu wakisimulia hulainisha maneno, wanasema bibi alikuwa na wasiwasi. Wasiwasi nilikuwa nao. Ila aibu ilikuwa kubwa zaidi.

Ilikuwa miaka ile biashara imeachiwa huru, malori ya viazi yanajipanga Makambako na mitumba imemwagwa chini kila gulio. Na ule ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Mtu akikonda, watu wanamzika kwa midomo. Mjukuu wangu alirudi Njombe kutoka shule ya bweni ana miaka kumi na sita, shingo kama mpini wa jembe. Wenzake walimcheka kuwa anao, akaacha kwenda bwaloni asitazamwe, akakonda zaidi, wakazidi kumcheka. Nyumbani nako majirani wakamtengea kikombe chake peke yake.

Nikampeleka hospitali. Damu ikaonekana safi. Muuguzi akasema huyu ana njaa na ana hofu: nimpe kidogo kidogo mara nyingi, uji wa maziwa na karanga, parachichi, na nisitamke neno juu ya mwili wake. Nilimwona muuguzi mwenyewe mtoto. Mimi nimenyonyesha tisa, anifundishe kulisha?

Nikampakulia mlima wa ugali, nikamsimamia kichwani.

"Kula, mke mwenzangu. Babu yako hakuoa kuni."

Nyumba nzima ilicheka. Yeye alibeba sahani, akasema anakwenda kulia jikoni, jirani na banda la nguruwe.

Kila gulio nilimpakia kwenye lori pamoja na magunia yangu hadi kwa mnunuzi mmoja wa Makambako, Mwislamu aliyetoka Singida, mwenye mizani ya kusimamia. Nilitaka watu waone kilo zikipanda, wafunge midomo. Siku ya kwanza alikuwa na kilo thelathini na nne. Vibarua wanaoshona magunia wakasema lumbesa langu moja, gunia lililojazwa hadi kupita mdomo, lina wasichana watatu kama huyu, na chenji inabaki. Nami nilicheka. Hilo ndilo nisilolisahau.

Gulio la nne mizani ikasoma arobaini na moja. Niliwanunulia vibarua soda, nikajisifu njia nzima. Tulifika nyumbani tumelowa mvua, nikamwambia avue sweta akauke motoni. Akakataa. Nikaivuta kwa nguvu.

Viazi vikaporomoka sakafuni. Viazi vyangu mwenyewe, amevifunga kwa kanga kiunoni na kuvipanga katikati ya sweta mbili za mtumba. Chini yake, mbavu. Ndipo nikaelewa kwa nini nguruwe wangu alikuwa amenona kuliko wa jirani yeyote.

Nikampiga kofi. Hakulia.

"Bibi," akasema, "gunia likijaa linashonwa mdomo. Na mimi nikijaa utanishona?"

Gulio lililofuata nilikwenda peke yangu. Mnunuzi akauliza binti yuko wapi, nikasema yuko nyumbani.

"Afadhali, mama. Nilimpima kwa sababu wewe ni mteja wangu. Binti yangu nisingempandisha."

Nilimuuzia viazi, nikaondoka bila kuaga.

Nguruwe nilimuuza. Nikanunua kitambaa, nikamwambia fundi ashone gauni la kumtosha mwili aliokuwa nao siku ile, aache nafasi ndani ya mishono. Nikaanza kula naye sahani moja, mlango umefungwa, macho yangu kwenye mkono wangu. Uji mara tano kwa siku, kama alivyosema yule mtoto wa hospitali. Majirani walipokuja kuota moto, nilikunywa maji kwenye kikombe chake, nikawapa na wao. Wawili waliondoka.

Kufikia mavuno gauni lilikuwa limepanuliwa mara mbili. Mara ya tatu alifumua mshono mwenyewe, hakunionyesha.

Leo ni mama, ana mwili wake mpana na anatembea nao. Siku ya kliniki mimi ndiye ninayembebea mtoto hadi mlangoni. Ndani watoto wananing'inizwa kwenye mizani, nasikia wanavyolia. Pale pale ananipokea mtoto.

"Bibi, wewe subiri hapa."

Nakaa kwenye benchi la nje. Akina mama wakiniuliza mbona siingii, nawaambia miguu inaniuma. Miguu yangu ni mizima kabisa.