Siku Niliyogonga Meza ya Daktari

Harufu ya makapi ya mkonge yanayochacha juani ni mbaya, sikatai. Wanangu hufunga vioo vya gari tukikaribia Kilosa. Mimi hufungua changu na kuvuta pumzi kwa raha, nao hunicheka. Waache wacheke. Harufu hiyo hunirudisha kambini, siku niliyomtetea baba yangu kwa Kiingereza cha darasa la tano.

Baba alikuwa manamba, aliyeletwa kutoka Tabora kukata mkonge wakati wa Waingereza. Mimi nilisoma Ulaya. Msishtuke: si kwa Wazungu, ni kijiji chetu cha Ulaya, huko huko Kilosa, nilikokaa kwa mama mdogo. Mwalimu Festo alitufundisha maneno ya maumivu kwa kuyaigiza. Kwa ‘aching’ tulishika mashavu kama wenye jino bovu. Kwa ‘burning’ tulipuliza vidole kama vilivyoungua. Kwa ‘throbbing’, maumivu yanayodunda, tuligonga madawati kwa ngumi, du, du, du, mpaka darasa la jirani likalalamika. Tulipofika ‘grief’, huzuni ya kufiwa, hakutuigizia chochote. Alikuwa amemzika mkewe mwezi uliotangulia. Alituambia tuliandike tu.

Likizo moja niliporudi kambini nilimkuta baba amechomwa kiganjani na mwiba wa mkonge. Mkono ulivimba hadi karibu na kiwiko, na siku ya tatu hakuweza kushika hata kikombe. Jirani yetu mmoja alikuwa amekatwa mkono kwa sababu ya mwiba kama huo, na asiye na mkono hakuwa na kazi wala chumba kambini. Mama akaniambia nimsindikize baba kwa daktari.

Daktari, Mzungu mmoja mcheshi, alikuja kila Alhamisi, akaketi barazani na karani wa shamba pembeni yake awe mkalimani. Alijua neno moja la Kiswahili, na alilipenda mno. “Hujambo?” alimuuliza kila mgonjwa. Nanyi mnajua tulivyolelewa: hata mtu akiwa anakata roho, kwanza huitikia salamu, shida huja baadaye. “Sijambo, bwana,” mgonjwa alijibu. Daktari alifurahi kusikia kwamba si mgonjwa sana, akaagiza apewe haluli, dawa ya kuharisha, akaita mwingine. Karani hakuthubutu kumsahihisha Mzungu. Mwenye homa alirudi shambani na haluli, mwenye jipu haluli, na mwenye kuharisha, maskini, haluli vilevile.

Ikafika zamu ya baba. Alisimama wima, mkono uliofungwa kitambaa ameuficha nyuma, maana kumwonyesha mkubwa kidonda bila kuulizwa ni kukosa adabu.

“Hujambo?”

“Sijambo, bwana.”

Haluli. Mwingine.

Hasira zilinipanda. Nilijipenyeza mbele, nikamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba baba ameitikia salamu tu, si mzima hata kidogo. Mkono wake ni ‘burning’ hadi kwenye kiwiko, na usiku kucha ni ‘throbbing’. Na kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa, nikaigonga meza yake kwa ngumi, du, du, du. Wino ukamwagika.

“We mtoto!” Karani aliruka, fimbo mkononi. “Unamgongea bwana daktari meza? Mtoto wa nani huyu?”

Foleni nzima ikatazama chini. Baba akautoa mkono wake nyuma.

“Wangu,” akasema.

Daktari alimzuia karani, akafungua kile kitambaa. Mstari mwekundu wa sumu ya kidonda ulikuwa umeshapita kiwiko. Saa ileile baba alipandishwa kwenye gari la daktari kwenda hospitali, nami kando yake, na wanawake wa kambi wakatupigia vigelegele mpaka tukapotelea kwenye vumbi. Walimpasua, wakatoa usaha pamoja na ncha ya mwiba. Vidole vyote vitano vilibaki. Alhamisi iliyofuata, kwa amri ya daktari, nilisimama kando ya meza na kumuuliza kila mtu anaumwaje, na karani yuleyule alinishikia daftari. Nilijiona malkia, wala sioni haya kusema hivyo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alisema “wangu” kwa kujivunia Kiingereza changu. Kisha siku moja, mimi tayari nina watoto, tulikuwa tunakula naye ugali akaniuliza, “Hivi, mama, siku ile ulimwambia nini yule daktari?”

Tonge lilibaki mkononi mwangu. Baba hakuwa ameelewa hata neno moja. Alichokiona yeye ni binti yake akimgongea Mzungu meza, na fimbo ya karani imeinuliwa, na alijua kwamba huenda jioni hiyo tungelala nje ya kambi, sote watatu. Akasikia anaulizwa mtoto ni wa nani. Akajibu.