Mama Antoinette na Koti la Mbweha

Koti lile hakulinunua. Aliachiwa na Madame Viviane, ajuza wa mtaa wa Ganshoren, Brussels, ambaye Antoinette alimhudumia miaka mingi, akimvisha, akimlisha, akimsomea gazeti la jana kwa sababu la leo lilimtia hofu. Ajuza alipoona siku zake zimekwisha alimwambia mwanawe kwamba koti la manyoya ya mbweha apewe Antoinette, maana katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyekuwa akisikia baridi. Na kweli, Antoinette alisikia baridi. Alizaliwa Kasenga, Kongo, kando ya mto Luapula, akakulia Lubumbashi, akaja Ubelgiji na mumewe Crispin, na tangu aliposhuka kwenye ndege hakuwahi tena kupata joto la kutosha. Manyoya yale yalikuwa na rangi ya kutu, kola yake inafika masikioni. Akilivaa, ukimwona kwa nyuma, ungedhani mnyama amesimama wima anasubiri basi. Watu walimcheka. Yeye akasema wacheke tu, wao damu yao bado changa.

Sasa alikuwa mjane, amestaafu, anaishi Schaerbeek kwenye nyumba ya chini yenye kibustani nyuma, na katika kibustani hicho alikuwa akija mbweha. Wageni hushangaa, lakini watu wa Brussels wamezoea: mbweha wa mjini hupita juu ya kuta za bustani kama mwenye nyumba, akapasua mifuko ya taka, akaenda zake bila haraka. Majirani walimfukuza kwa ndoo za maji. Antoinette alimwekea mifupa ya kuku kwenye sahani. Alijua haifai. Lakini mwanamke aliyezoea kupika sufuria la watu wanane, kisha akabaki kula peke yake, lazima apate wa kumpa kilichobaki.

Likizo ya Novemba ilipofika, mjukuu wake Keren, msichana wa miaka kumi na mitatu, alishinda kwake na simu mkononi. Siku moja ilikuwa zamu ya Antoinette kupokea kikundi cha maombi. Kina mama wakiwa bado wanavua makoti, mtoto akaanza kumsimulia bibi yake video aliyoitazama. Huko Amerika, jangwani, wapo watu waitwao Wanavajo. Kwao husemwa kwamba mchawi aliyevunja mwiko mkubwa huvaa ngozi ya mbweha wa jangwani, akawa mbweha kwelikweli, akakimbia kwa miguu minne, akachungulia watu madirishani, akaiga sauti ya ndugu yako ili utoke nje. Na Wanavajo wenyewe, Keren akaongeza, hawapendi hata kidogo kulizungumza jambo hilo, maana kulitaja ni kama kuliita.

Antoinette akaacha kumimina chai.

“Donc benyewe banaogopa kuisema,” akamwambia kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, kilichochanganyika na Kifaransa, “na wewe unaisema mu nyumba yangu?”

Akamwamuru azime simu. Hakuwa anamdhihaki mtoto, alikuwa anaamini. Katika Kasenga ya utoto wake walikuwapo watu waliosemwa kuwa hugeuka simba, wengine mamba, na mama yake alimfundisha kwamba hawatajwi jua likishazama. Mizimu haikumtisha. Marehemu Crispin alimwona mara moja kwenye kituo cha tramu, amevaa ile suti ya kijivu aliyozikwa nayo, akamsalimia vizuri na kwenda kununua mkate wake. Mfu ni mtu wako. Lakini mtu hai anayevaa ngozi kwa hiari yake ili aumize watoto wa ndugu zake, hilo lilimsisimua mwili, na hakutaka kulisikia nyumbani mwake.

Kiongozi wa kikundi, Mama Mignonne, alisikia yote. Alikuwa mwanamke mwema, wa kwanza kufika na sufuria kwenye kila msiba. Kasoro yake ni moja: Mungu alimwonyesha mambo mengi kuliko yaliyokuwepo. Macho yake yalizunguka chumba kizima, yakatua kwenye msumari wa ukutani, pale lilipotundikwa koti.

Wakati huo mkwe wake Antoinette, Élodie, mke wa mwanawe Aristote na mama yake Keren, alikuwa na mimba ya miezi minane. Élodie ni mtu wa Kivu, aliletwa Ubelgiji mdogo, mkimbizi, na alikuwa mpole wa kusema kidogo. Wawili hawa walipendana bila makelele. Keren alipozaliwa, Antoinette ndiye aliyemwogesha wiki zote za mwanzo, kama desturi ilivyo: maji ya moto, mafuta, kumnyoosha viungo kimoja kimoja, kumrusha juu kidogo ili asiwe mwoga. Mimba hii ya pili ilikuja baada ya miaka mingi ya kungoja. Antoinette alikwisha kununua beseni jipya, na kila aliyemuuliza habari zake alijibiwa kwamba hana shida yoyote duniani, anasubiri kuogesha mtoto tu.

Basi jioni moja ya Desemba, saa kumi na moja na giza limekwisha kuingia kama kawaida ya nchi ile, Élodie alipita kuchukua sombe, majani ya muhogo aliyopikiwa. Alikuwa na ufunguo, akaingia mwenyewe. Akaita, hakuna jibu. Akafika jikoni, na nyuma ya kioo cha mlango wa bustani kulikuwa na mbweha aliyesimama anamtazama, macho yanawaka kwa taa ya ndani. Mnyama akageuka, akaingia gizani. Punde, kutoka giza lile lile, mlango ukafunguliwa na Mama Antoinette akaingia, manyoya mpaka masikioni, sahani tupu mkononi. Akafurahi kumwona, akamuuliza amefika saa ngapi.

Élodie alisema anajisikia vibaya, akaondoka bila sombe.

Tusimlaumu. Mwanamke mwenye mimba kubwa, gizani, na masimulizi ambayo binti yake aliyarudia nyumbani bado yako masikioni, angewaza nini? Kosa lake lilikuwa kwenda kuombewa kwa Mama Mignonne. Mignonne hakusema uongo hata mmoja. Alimshika mikono, akamwambia kikulacho ki nguoni mwako, kisha akawaomba kina mama wengine wasaidie kuomba juu ya jambo hilo. Sasa jambo likishaombewa na wanawake kumi na wawili, halina tena siri. Lilipanda basi, likashuka Matonge, mtaa wa Wakongo, likarudi Schaerbeek limenenepa: Mama Antoinette anageuka, na ngozi anaivaa mchana kweupe.

Yeye mwenyewe alilijua kwa chakula. Alhamisi iliyofuata alipeleka mikate yake ya mafuta kwenye maombi, ile ambayo siku zote iligombaniwa, na bakuli likarudi limejaa. Mama mmoja alisogeza kiti. Kisha Aristote, mwanawe, akaja kumwona, akakaa nusu saa akizungumzia hali ya hewa, na alipofika mlangoni akamuuliza bila kumtazama kama hawezi kununua koti lingine. Hapo akaelewa lote. Asiyeamini mambo hayo angecheka, yakaishia hapo. Antoinette aliamini, ndiyo maana iliuma. Alijua vizuri sana walichokuwa wanamwita.

Angeweza kulitupa koti. Alilishika mara mbili akitaka kulitia kwenye mfuko, akaona kwamba akilitupa atakuwa amekiri. Akaendelea kulivaa, amekaza shingo, na huo ukaidi wake haukumsaidia.

Mtoto alizaliwa kwenye hospitali moja ya Woluwe, msichana, mzima. Antoinette alifika na uji wa lishe kwenye chupa, na Aristote akampokea kwenye ujia, akasema Élodie amelala. Kesho yake alikuwa amelala tena. Waliporudi nyumbani, mtoto alikuwa na mafua, kisha daktari alikataza wageni, kisha simu haikupokelewa. Beseni lilikaa juu ya kabati. Yule bibi aliyekuwa akisema hana shida duniani alianza kusahau kula, na mbweha mwenyewe, kwa kukosa mifupa, akahamia kwa jirani.

Mwezi ulipopita, wazazi waliandaa sherehe ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, katika ukumbi nyuma ya kanisa. Kutomwalika mama yake Aristote ingekuwa kashfa, kwa hiyo alialikwa. Alikuja na koti lake, akaketi karibu na mlango. Wali, samaki, sombe, muziki wa kusifu. Kila meza ilijaa isipokuwa yake. Mtoto alikuwa mbele, mikononi mwa Élodie, amefunikwa blanketi jeupe, na Antoinette alimtazama kwa mbali kama anavyotazamwa mtoto wa watu wengine.

Ndipo akaingia Papa Kabamba, amechelewa kama desturi yake. Huyu alikuwa fundi wa tramu mstaafu, mtu wa Kasenga pia, na zaidi ya hayo alikuwa mtani wake. Katika nchi yao koo hutaniana: Antoinette ni wa ukoo wa Chui, Kabamba wa ukoo wa Mbuzi, na kwa kuwa chui hula mbuzi, watu wa koo hizo wana haki ya kutukanana tangu kuzaliwa hadi kaburini, na ni mwiko kukasirika. Mtani hukunyang'anya nyama mdomoni. Mtani husema mbele ya watu lile ambalo ndugu yako hathubutu kukunong'oneza. Siku ya kufa kwako, mtani ndiye anayekuzika.

Kabamba alitazama ukumbi, akaona meza yenye mtu mmoja, na alikwisha kusikia maneno. Akavuta kiti, akaketi mbele ya Antoinette, akachukua kipande cha samaki kwenye sahani yake, akala polepole mpaka watu wakanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya kufika kila pembe:

“Maman Antoinette, banasema unageukaka renard. Njo maana nakuuliza mbele ya batu: ni kweli?”

Hapakuwa na aliyetafuna. Mama Mignonne alifumba macho. Neno lile la mbweha hakuna aliyewahi kumwambia Antoinette usoni, na sasa limewekwa mezani kati ya sahani.

“Juu kama ni kweli,” Kabamba akaendelea, “ni haya kubwa. Wewe muntu ya ukoo ya chui! Bankambo yenu, bababu ya zamani, balikula bankambo yetu, sisi bambuzi, myaka na myaka. Alors leo unafika Bulaya unageuka renard, unakula mifupa ya kuku ku poubelle ya taka? Chui mzima! Ata sisi bambuzi tunakusikilia haya.”

Mwanzo hakucheka mtu. Wote walimtazama Antoinette. Naye alihisi kitu ambacho hakukihisi tangu Desemba, joto, linapanda kutoka tumboni, na jibu likamtoka kabla hajalifikiri:

“Bambuzi balikonda, Kabamba. Nifanye je?”

Ukumbi ulipasuka. Wazee wa Katanga, kwao Antoinette na Kabamba, walipiga meza kwa viganja, mmoja akakaribia kupaliwa na wali. Keren alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hata Mama Mignonne, aliyejitahidi kujizuia, mabega yalimsaliti, na akalazimika kufunika uso kwa kitambaa. Antoinette mwenyewe alicheka akishika mbavu, machozi yanamtiririka, na Kabamba hakungoja, akamwibia samaki wote.

Mmoja tu hakucheka. Élodie alikuwa amesimama, mtoto kifuani, anamtazama mama mkwe wake akicheka. Kwao Kivu hawana watani wa namna hiyo, na watu walipoona uso wake, kicheko kikapungua meza baada ya meza mpaka kikazimika. Antoinette alifuta macho. Aliwaza kwamba Kabamba ameharibu lililokuwa limebaki, na sasa mtoto hatamgusa kamwe.

Élodie alitembea ukumbi mzima, akafika meza ya mlangoni. Akazungumza na Antoinette peke yake, ingawa wote walisikia.

“Maman, koko yangu, mama ya mama, balimusema vile vile ku kijiji. Nilikuwa mutoto. Hakuna mutu alicheka. Hakuna mutu alimuuliza. Tulinyamaza bote, tukamuogopa, na siku moja bakamuchoma.” Akamvuta mtoto kifuani, akaongeza, “Nami ile siku ya renard, nilinyamaza tena.”

Akainama, akamweka mtoto mapajani mwa Antoinette, juu ya manyoya yale.

Antoinette alimpenda mwanamke huyu wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda, na alimhurumia bibi yule wa Kivu ambaye hakuwa na mtani hata mmoja. Mtoto alikunja uso, akanyoosha mguu. Antoinette akaushika mguu ule, akaukunja na kuunyoosha taratibu, akaona goti bado limekaza, halijanyooshwa na mtu. Akamuuliza Élodie kama maji ya nyumbani kwao hupata moto mapema asubuhi.